Kopo Lililonuka Malewa

Nalufenya, Jinja
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Jamiru,

Assalam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Hadijah na watoto, na duka liwe linawaona wateja. Mama mdogo naye hajambo? Mguu wake unaendeleaje? Najua unaendelea vizuri, maana umeutangaza redioni na Mbale nzima imesikia, lakini adabu ya salamu ni kuuliza, nami nimeuliza. Mimi mwenyewe sijambo, ukiondoa hasira. Hasira ingekuwa ugonjwa wa kulazwa, leo ningekuwa kitanda cha pili kutoka kwa Mama.

Ndiyo, Mama amelazwa, tangu Ijumaa. Usikimbilie simu. Kaa chini usome.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Kwenye simu, kaka, nikianza sentensi unaimaliza wewe, tena unaimalizia pasipo. Nikikuandikia ujumbe mrefu unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Barua haikatwi katikati. Nitampa Isabirye, yule dereva wa taksi wa steji ya Bugembe, akufikishie mkononi, na nitamwagiza asitoke dukani kwako mpaka aone umeifungua.

Acha nianze mwanzo, maana una tabia ya kukumbuka yale ya kwako tu. Baba yetu Hajji Nasuru, Mungu amrehemu, alikuwa na nyumba mbili kwa kuwa njia yake ya biashara ilikuwa na ncha mbili. Huku alinunua mukene, wale dagaa wa Wanyange, akawapeleka Mbale. Huko akapakia vitunguu na malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, akarudi Jinja. Mama yangu Halimah akawa mke mkubwa huku, mama yako Nandutu mke mdogo huko, na Baba akagawa siku zake kwa zamu bila kupunja hata moja. Wale wake wenza hawakuwahi kugombana na hawakuwahi kupendana. Waliheshimiana kama maduka mawili yanayotazamana barabarani. Baba akafa, na baadaye sukari ikawaingia wote wawili, kana kwamba nayo imefundishwa kugawa sawa. Mama akakanyaga kaa la moto jikoni, asihisi chochote mpaka aliposikia harufu ya ngozi yake mwenyewe. Mama mdogo, kiatu kipya kikamla kisigino. Vidonda viwili, miji miwili, na hakuna kilichokubali kufunga.

Ndipo wale watu wa utafiti walipokuja, wakafungua chumba katika kliniki moja huku na kingine huko kwenu, na mama zetu wakaandikishwa, kila mmoja katika mji wake. Ulikuwepo walipotueleza, ila ulikuwa unachezea simu, kwa hiyo nakueleza tena. Kila mgonjwa husafishwa kidonda na kufungwa bendeji kama kawaida. Juu ya hayo hupewa kila mwezi kopo la dawa ya kupaka. Nusu ya wagonjwa makopo yao yana dawa mpya inayojaribiwa, na nusu wana mafuta matupu yanayofanana nayo kwa rangi na kwa ulaini. Nani apate lipi, kompyuta ndiyo iliyopiga kura. Mgonjwa hajui, sista hajui, daktari mwenyewe hajui, mpaka utafiti wote uishe. Mama alimwuliza yule daktari kijana kama hiyo kompyuta inaijua haki ya kugawa. Daktari akacheka. Mama hakucheka, nami sikulitilia maanani.

Daktari akasisitiza kwamba kopo ni la mwenyewe, asipewe jirani wala ndugu. Basi tukaelewana. Kumbe chumba cha pili cha kliniki hiyo hiyo alikaa mshauri wao, binti anayeitwa Shallon, na yeye kazi yake ni kutibu wanachokiita mtu mzima: si kidonda tu, bali moyo, usingizi, imani, jikoni, na nani unamlilia ukilia. Alimwambia Mama achague mtu mwenye ugonjwa kama wake, waongee kila siku, wabebe mzigo huo pamoja. Mimi ninayemwosha ule mguu asubuhi na jioni nilikaa pale nikidhani hata kwa heshima nitatajwa. Mama akamtaja Mama mdogo. Miaka yote hiyo hawajawahi kunywa chai pamoja, ila katika msiba!

Nilinuna, sikatai. Lakini Shallon hakukosea. Kila siku baada ya alasiri Mama alivuta mkeka ukumbini akampigia Mama mdogo, wakaongea sukari, wakaongea miguu, wakamsema Baba kwa mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia, wakacheka mpaka majirani wakachungulia. Mama akaanza kulala usingizi. Tangu Baba afariki sijamwona akilala namna ile, na hakumeza kidonge. Kisha vifurushi vikaanza. Mama alinituma Bugembe nimpe Isabirye mukene wa Mama mdogo, nami nikarudi na malewa ya kwenu, yamefungwa kwa majani ya migomba, yananuka moshi mpaka kwenye nywele zangu. Nikafurahi, nikasema wazee wamepatana. Mimi ndiye niliyekuwa punda wao, kaka, na punda haulizi amebeba nini.

Sasa nikuulize wewe. Nani alikwambia utuletee Dokta Wanyera katika mambo haya? Udaktari huo aliusomea wapi, hata wewe hujui. Anamshikisha mgonjwa fimbo ya chuma, kompyuta inachora ini na figo na huzuni za tangu utotoni, halafu dawa ya yote hayo inatokea kuwa ile ile chupa ya kijani. Ulituletea chupa tatu. Ulinitumia sauti ndefu kuliko khutba ukinieleza kwamba hospitali zinatibu kipande na Wanyera anatibu mtu mzima. Sikatai kwamba mtu ni zaidi ya mguu wake. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye mkeka wa ukumbini. Lakini kuna kumtazama mtu mzima, na kuna kuutazama mfuko wake mzima. Zile chupa nilizimwaga kwenye mtaro nyuma ya choo, na huko hata nyasi hazikuota vizuri.

Ramadhani ilipokwisha kidonda cha Mama kilikuwa kimebaki kama punje ya haragwe. Siku ya Idi alitembea mwenyewe mpaka msikitini, amevaa gauni la buluu, na wajukuu wanamshangilia bibi yao wakiita Haboba, Haboba, barabara nzima. Nililia nikisingizia vumbi. Baada ya Idi, mambo yakageuka. Kidonda kikafumuka, kikatoa maji, kikaanza kula kuelekea vidoleni. Na hapo, kaka yangu, kila mtu akamwona mchawi wake, na mchawi huyo akawa mimi. Daktari akaniuliza nampikia nini. Nikaondoa wali, nikaondoa chapati, nikaondoa ndizi, mpaka Mama akaniuliza kama tumefilisika. Shangazi wa Bugembe akasema ni jicho la watu walioona gauni la Idi. Wewe ukasema ni mimi niliyekataa chupa. Nilibadilisha bendeji, nikabadilisha sabuni, nikabadilisha viatu vyake. Mguu ukaendelea kuoza, na mimi nikaendelea kuulizwa.

Katika siku hizo hizo ndipo uliponitumia ile sauti ya redioni, unashuhudia kwamba mama yako alikuwa hakanyagi chini, Wanyera akamtibu, na sasa anakwenda sokoni. Nilikuwa natwanga karanga. Nilitwanga mpaka zikawa mafuta. Sikuona wivu kwa Mama mdogo, Mungu ni shahidi. Niliona uchungu kwamba mimi ninayefuata kila sharti mgonjwa wangu anaharibika, na wewe usiyefuata lolote mgonjwa wako anatembea.

Kisha Sista Nakisige, muuguzi wa utafiti, alikuja nyumbani kumwangalia Mama. Ni mama wa makamo, mpole, hana maneno mengi. Alifungua kopo la Mama, akalinusa, akalirudisha puani tena, halafu akaninusa mimi. Akaniita nje akaniuliza tunachanganya dawa gani ya kienyeji humo ndani, kwa sababu kopo la utafiti halina harufu, na hili linanuka moshi. Akasema familia zikichanganya, kazi yao yote inaharibika na hakuna mgonjwa wa kesho atakayefaidika. Niliapa kwa Mungu kwamba sichanganyi. Alipoondoka nikakaa nikafikiri, nikaamua ni zile chupa zako, kwamba Mama amepata nyingine kwa siri na anamimina humo. Nikamkaripia mama yangu mzazi. Nilipaza sauti mpaka mwenye duka la jirani akapunguza redio ili asikie vizuri. Mama akasema kitu kimoja tu, kwamba hajatia chochote kwenye kopo lake, na akageukia ukuta. Alisema kweli. Halikuwa kopo lake.

Ijumaa aliamka na homa, na vidole viwili vimekuwa vyeusi. Tukampeleka hospitali kwa boda, mimi nyuma nimemshika kama mtoto. Jana, baada ya kupewa dripu na kupata nafuu kidogo, aliniambia nimpigie Mama mdogo nimwulize kama mzigo umefika. Nikashangaa ni mzigo gani unaoweza kumshughulisha mtu aliye katika hali ile, nikamwuliza kama ni mukene. Akaniambia nivute kiti.

Kaka, mama zetu walikuwa wanabadilishana makopo. Tangu mwezi wa pili wa utafiti. Waliona kwamba kura ya kompyuta inaweza kumpa mmoja dawa na mwenzake mafuta matupu, na hao ni wanawake walioishi maisha yao yote katika ndoa ambayo kitu hakigawiwi hivyo. Wakaweka zamu. Mwezi huu kila mtu kopo lake, mwezi ujao kopo la Jinja linakwenda Mbale ndani ya mukene, na la Mbale linakuja Jinja ndani ya malewa. Shallon alikuwa amewaambia wabebe mzigo pamoja, wakamtii kuliko alivyotaka. Na hazikupita zamu nyingi kabla hawajaona wenyewe, bila kusubiri kompyuta, kwamba kila lilikokwenda kopo la Jinja kidonda kilikauka, na kila lilikokwenda la Mbale kidonda kilibaki vilevile. Ndivyo walivyoona wao.

Sasa sikiliza jambo ambalo wewe unalijua na hukutuambia. Kabla tu ya Idi, madaktari wa hospitali ya huko walikwambia mguu wa Mama mdogo ukatwe chini ya goti. Ukakataa, ukamzuia mama yako asirudi hospitali kusikia neno hilo tena, ukampeleka kwa Wanyera, ukatunyamazia sisi sote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini Mama mdogo alimweleza mwenzake kwenye mkeka wa alasiri. Na zamu ya Mama ilipofika, kopo lake jipya mkononi, kidonda chake kimebaki punje ya haragwe, hakulifungua. Alilifunga kwenye mukene. Na lililofuata. Na lililofuata tena. Yeye akabaki anapaka lile la kwenu lenye harufu ya malewa, na mimi huku naondoa chapati.

Nilimwuliza kwa nini. Nilimwuliza vibaya, kaka. Nilimwuliza kama ana watoto wengine wa kumtazama asipokuwa na miguu. Hakukasirika. Aliniambia kwamba Baba alipokuwa mahututi huko Mbale, siku zile zilikuwa za Nandutu. Kwa haki, Nandutu ndiye aliyepaswa kukaa kichwani kwake. Lakini Nandutu alituma gari Jinja, akamwingiza Mama chumbani kwake mwenyewe, akatoka akafunga mlango. Baba alikata roho kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yangu. Mama mdogo alikuwa jikoni anawapikia uji waliokuja. Hakuna aliyemwomba, na hajawahi kulitaja. Mama akaniambia kwamba zile siku hazikuwa zake na alipewa, na tangu hapo amekuwa akitafuta cha kurudisha.

Nilijua Baba alifia mikononi mwa Mama, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini, wala nadhani na wewe hukuwahi kujiuliza.

Sasa nikwambie nilichokifanya, kabla hujakisikia kwa mwingine. Kwanza nilitoka nje ya wodi nikampigia Isabirye aje kwako alichukue hilo kopo la Jinja lililokwisha kutumwa, kwa ombi au kwa nguvu. Wakati nakata simu nikaona mgonjwa wa kitanda cha pili ameniletea ujumbe: Mama amesema kopo lisiguswe. Dirisha lilikuwa wazi. Basi nikafanya la pili, ambalo Mama hakulizuia kwa kuwa sikumwuliza: leo asubuhi nilimwita Sista Nakisige nikamweleza kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, huko na huku. Mama zetu wote wawili wametolewa kwenye utafiti. Watakuja kwako kulichukua kopo. Mpe mtu kitu chake, usilete maneno.

Nilitegemea Sista atafoka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua miwani, akaniuliza kama nadhani na wagonjwa wengine wanafanya hivyo. Nikamwambia sijui, ila walipowaambia watu wabebe mzigo pamoja wangewaeleza pia mwisho wa mzigo uko wapi. Yule anayesema dawa hii ni yako peke yako na yule anayesema ugonjwa huu usiwe wako peke yako wametenganishwa na ukuta wa mbao, na hawajawahi kuulizana habari za asubuhi. Sista akasema nina haki. Haki hiyo sijui niipake wapi.

Kisha akaja daktari. Nikamwuliza jambo moja tu: kopo la Jinja lilikuwa na dawa au halikuwa? Akasema hajui, na hata kama angeweza kujua asingeweza kuifungua siri ya watu wote kwa ajili ya familia moja. Akasema huenda ni dawa kweli. Huenda pia ni kupumzika kwa Mama mwezi wa Ramadhani, au ni chakula, au ni ule usingizi. Huenda makopo yote mawili yalikuwa mafuta matupu. Vidonda viwili, akasema, havitoshi kumjulisha mtu lolote. Ndiyo maana wanahitaji wagonjwa wengi, na wakweli. Nilitaka kumrushia sahani ya uji, hasa kwa kuwa alikuwa anasema kweli. Unaona, kaka? Mama yangu ametoa mguu wake, na huenda ameutoa kwa ajili ya mafuta ya kupaka mikate.

Basi usirudi redioni kabla hatujajua kitu. Mimi sijui ni nini kilichomponya Mama mdogo, na Wanyera hajui zaidi yangu. Ninachojua ni nani aliyekubali kuoza ili yeye apone, na jina lake hukulitaja kwenye kipindi chako. Na mpeleke Mama mdogo kliniki. Kidonda kikifunga juu si kwamba kimekwisha ndani; wamesema watamtazama hata kama hayumo tena kwenye utafiti.

Jumatano wanamkata Mama vile vidole viwili. Wamesema wakikuta uozo umepanda watapanda nao, na mpaka wapi hawakutaka kuniambia. Nimemwuliza Mama anataka nini kabla ya siku hiyo, nikidhani atataja supu ya samaki au kusomewa dua. Hajataka kopo. Amesema siku hizi ni zamu ya Nandutu kuuguza, aje.

Najua utasema safari ni ndefu, barabara ni mbovu, mguu wa mama yako bado mchanga. Nimeshakujibu: Isabirye amemwekea kiti cha mbele, Jumanne asubuhi, na hatapakia mtu katikati. Kitu kimoja nakusihi, na hapa sikufokei. Ukifika naye hospitali usimbebe, na usimtafutie kiti cha magurudumu, hata kama sista wa mlangoni atakuletea. Kitanda cha Mama kiko mwisho wa wodi, dirishani. Amesema anataka kumwona Nandutu akitembea kutoka mlangoni mpaka kwake.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, mwambie Burhan, kitindamimba wenu, kwamba shangazi yake bado ana deni la kumshonea kanzu. Mungu awalete salama, na atukutanishe Mama akiwa anatusikia.

Ni mimi dada yako anayekupenda hata akikasirika,
Shamirah binti Nasuru

Nimesahau: Mama anasema malewa mlete. Ila safari hii yawe malewa peke yake.